Turubai za Harusi ya Husna Si Nyumba

Matano Abdurahman,
Mwamunda, nyuma ya Ukunda.

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Miji kwa Picha za Setilaiti,

Bwana Mkuu, assalamu alaikum. Natumai u mzima, na chombo chako huko juu ki salama. Sisi huku hatujambo, ila mbuzi wa mama yangu wamepewa siku kumi na nne wahame kijijini, na sababu ni wewe.

Mwezi uliopita alikuja karani wako, binti Jumwa, mtoto mwenye adabu, akamwamkia kila mtu hata shaibu Sharif aliyekuwa amelala. Akatuonyesha picha mbili za Mwamunda zilizopigwa kutoka angani. Nyekundu ni nyumba, akasema, kijani ni kichaka. Mwaka juzi tulikuwa kijani kitupu. Mwaka huu tumewiva kama pilipili. Basi baraza likakaa, likaamua kwamba mji wa Ukunda umeshatufikia, na mjini hakufugwi mbuzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha ilipigwa Jumamosi ya harusi ya mpwa wangu, Husna. Mmehesabu majengo mapya kumi na tano. Kumi na manne ni turubai za wageni, na Jumapili zilikunjwa zikarudishwa kwa mwenyewe. Wallahi sijapata kusikia mji uliojengwa Ijumaa ukabebwa kwa mkokoteni Jumapili. Hilo la kumi na tano lisitupotezee wakati.

2. Mahali mlipoandika "kiwanda, kina moshi" ni jiko la pilau.

3. Nyumba ya mama yangu, Bi Maimuna, imeezekwa makuti, na kompyuta yenu imeipaka kijani. Amekaa humo miaka hamsini, amezaa watoto saba, leo mnamwita kichaka! Aliponiuliza yeye yuko wapi kwenye ramani, nilishindwa pa kuweka kidole. Turubai imekuwa nyumba, nyumba imekuwa majani. Haya ni mambo gani?

4. Setilaiti haikupiga hodi. Hata mgeni asiyetakiwa hupiga hodi. Mngetangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa, tungefagia, nami nisingenaswa nikienda kuongeza pilau mara ya tatu.

5. Mbuzi wenyewe hawaonekani pichani hata mmoja. Mnawafukuza viumbe ambao hamkuwaona! Tangu baba afariki, hao ndio wenzake mama. Kila mmoja ana jina, na yule mweupe, Sikitu, ndiye humwamsha alfajiri kabla ya muadhini. Ukimwondoa Sikitu umemwondolea mama usingizi na kuamka kwake. Niliyasema haya barazani, sauti ikanikatika mbele za watu, na sioni haya kukiri.

Kwa hivyo naomba picha ipigwe upya Jumatano, siku isiyo na harusi wala matanga. Naomba juu ya ile nyekundu paandikwe "Harusi ya Husna", mama apakwe rangi ya binadamu, na mji wa Ukunda uandikiwe barua urudi nyuma, walau mpaka barabara ya lami.

Nisalimie ofisi nzima, binti Jumwa, na huyo anayeiendesha setilaiti. Mwambie aende polepole.

Ni mimi ninayekuheshimu, japo nimeudhika,
Matano Abdurahman

Tanbihi: Picha mpya ikipigwa, naomba iishie msikitini, isifike nyuma ya nyumba yangu. Jengo la kumi na tano si turubai. Ni vyumba vinane vya kupangisha wafanyakazi wa mahoteli, nimevijenga tangu mwaka jana, na cha mwisho kimelimaliza eneo la zizi la mbuzi wa mama. Mbuzi niliwapeleka kwa shemeji yangu, Jego, siku ya pili tu baada ya Jumwa kuja, baraza hata halijakaa. Mama nilimwambia setilaiti imeamuru. Sasa kila alfajiri hutoka uani peke yake, akatazama juu, akaiomba kwa adabu imrudishie Sikitu. Basi Bwana Mkuu, ukijibu, nijibu mimi tu.