Kisukari Haifiki Njombe

“Uza! Uza uone! Ukishapata hilo bati lako la Mjapani, mvua ya mawe ikalitoboa, usije ukanililia mimi!”

“Nani kakuomba ushauri? Gari langu, kichwa changu!”

“Kichwa kipi? Mwenye kichwa hauzi Pijo 504. Hiki ni chuma, bwana, chuma cha Ulaya! Mzungu akiunda gari anawafikiria na wajukuu wako.”

“Na spea anawawekea wajukuu wake! Nimechoka mimi. Wenzangu wa Toyota kitu kikiharibika wanakipata hapahapa Makambako, dukani, kati ya betri za redio na sabuni. Mimi nikitaka bushi moja naambiwa nisubiri mtu wa Dar, na mtu wa Dar naye anasubiri meli.”

Watu walikwisha kuwazunguka. Ilikuwa mwaka 1993, kila mtu alikuwa na maoni juu ya vyama vingi, mitumba na magari, na hakuna aliyeona sababu ya kuyaficha. Mwalimu mmoja wa Kidugala aliyekuwa akisubiri basi alisema Landrova ya misheni ina umri mkubwa kuliko yeye na bado inapanda mlima. Muuza vitunguu akamjibu kwamba hata bibi yake bado anapanda mlima, ila hambebeshi gunia.

Ni vizuri tujue mapema jambo ambalo wale waliozunguka hawakulijua: wagombanaji hawa wawili walikuwa wamekunywa chai ya birika moja asubuhi ile.

Yule aliyelitukana Pijo ndiye mwenyewe, Miraji, kijana wa Korogwe aliyekuja Makambako na marobota mawili ya mitumba na ulimi mmoja. Miezi mitatu nyuma alibadilishana kibanda chake chote, nguo, meza na turubai, na mfanyabiashara wa mbao, akapewa Pijo. Siku ya kuagana yule bwana wa mbao alilia. Miraji alidhani analia kwa uchungu.

Hatuwezi kuwalaumu Wafaransa. Gari lililobebeshwa magogo miaka kumi na mbili bila kubadilishwa oili lina haki ya kuchoka. Injini ilikuwa nzima, inaunguruma kwa adabu, lakini giaboksi ilisaga kama mashine ya mahindi iliyotiwa kokoto. Na kwa kuwa Miraji hakuwa na kitu kingine duniani ila gari hilo, ilibidi lipate mwenyewe mwingine kabla giaboksi haijakata roho.

Hapo ndipo Hassani alipoingia, yule aliyelisifu. Hassani alikuwa fundi wa kweli, ndiyo maana uongo wake ulikuwa mzuri. Kila asubuhi alifungua giaboksi, akasindilia ndizi kisukari sita zilizoiva mpaka kuwa nyeusi, akafunga. Meno ya gia yakizungukia kwenye ule uji hayatoi sauti. Alikuwa amepima: kilomita thelathini, na tano zaidi kwa rehema za Mungu. Zilitosha kumzungusha mteja mjini na kumrudisha akitabasamu.

Kazi iliyobaki ni ugomvi. Ukimsifia mtu gari lako, atakagua mpaka chini ya viti. Ukilitukana mbele yake, na fundi mgeni akikusihi usiliuze, mwenye tamaa atajiona yeye ndiye mjanja na wewe ndiye zuzu. Atakuvuta pembeni haraka kabla zuzu hajapata akili.

“Kaka, njoo hapa pembeni.”

Aliyevuta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa koti zito la kiume juu ya kitenge, fedha zake zimefungwa kwenye pindo. Aliitwa Dorosela, mtu wa Manda aliyehamia Njombe, na alikuwa ameleta usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa Hilux iliyoendeshwa na mdogo wake, Lukas. Magunia manne yalikuwa hayajauzwa.

“Unauza kweli, au unapiga kelele tu?”

“Nauza, mama. Hata leo. Yule fundi ananichanganya tu.”

“Mwache yule. Fungua boneti.”

Hakupiga teke tairi hata moja, wala hakuuliza redio. Aliokota kijiti, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akasikiliza muda mrefu kama mkunga. Kisha akataja bei. Ilikuwa ndogo, lakini si ndogo kiasi cha kumvunja Miraji moyo. Moyoni aliruka, usoni akavaa msiba.

“Mama, unaninyonga.”

“Mwenye kunyongwa hasemi. Umekubali?”

“Nimekubali. Nitafanyaje?”

“Vizuri. Nitakulipa Njombe, gari likishafika uani kwangu.”

Miraji alimtafuta Hassani kwa macho. Hassani, ambaye alikuwa amesikia, alijikuna kisogo kwa vidole vyote kumi. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita sitini. Lakini ugomvi ulikuwa umeshapigwa siku tatu, na hakuna mteja mwingine aliyefika hata kwenye bei.

“Basi nitaliendesha mwenyewe, mama,” Miraji alisema. “Nataka nilisindikize.”

Dorosela akapanda naye. Lukas akafuata nyuma na Hilux.

Kwa kilomita kumi mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Miraji aliweka gia ya nne akaiacha humo, akiomba kimoyomoyo pasitokee ng’ombe wala mlima. Alikuwa anaeleza jinsi chesisi ya Kizungu inavyokaa barabarani, huku akisahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilitukana gari hilo asubuhi, Dorosela alipogonga dashibodi.

“Simama. Ninunue viazi.”

Akasimama. Viazi vilionekana havifai. Wakaondoka: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya kilomita tatu kulikuwa na shangazi wa kusalimiwa. Shangazi hakuwepo. Mbele kidogo koti lilibanwa na mlango, ikabidi kusimama litolewe. Kila waliposimama Miraji alisikia kitu fulani chini ya miguu yake kikikohoa kidogo, kama mtu aliye nje anayetaka kukaribishwa.

“Nasikia harufu ya ndizi,” Dorosela alisema.

“Ni mashamba, mama.”

Dorosela alitazama nje. Kushoto palikuwa na misonobari, kulia viazi na ukungu.

“Mashamba ya nini?”

“Yaani… ni gari lenyewe. Wafaransa wanapenda manukato, mama. Gari likipata moto, linanukia.”

“Ahaa. Hebu simama hapo nichume mboga.”

Kwenye kilima cha Mtwango, Miraji alirudisha gia ya pili, na giaboksi ikasema yote iliyokuwa imeyanyamazia tangu asubuhi. Ilisaga, ikalia, ikagonga mara mbili kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kisha kimya. Injini iliendelea kuunguruma vizuri kabisa, ila magurudumu hayakuwa na habari nayo. Pijo likaanza kurudi nyuma polepole. Miraji alivuta breki ya mkono. Lukas akashuka, akaweka jiwe.

“Labda ni waya,” Miraji alisema.

Dorosela hakujisumbua hata kushuka.

“Umeweka ndizi gani?”

“Mama?”

“Usiniite mama kwa sauti hiyo. Nimekuuliza ndizi gani.”

Miraji alitazama usukani. “Kisukari.”

“Ndiyo maana. Kisukari inayeyuka. Kisukari haifiki Njombe, mwanangu, hata barabara iwe kioo. Ungeweka mzuzu, iliyoiva nusu, ungefika mpaka Songea. Mimi niliuza Landrova kwa mzuzu, na aliyenunua mpaka leo ananisalimia.”

Miraji alizima injini.

“Uani kwangu nina Pijo kama hili,” Dorosela aliendelea. “Giaboksi yake mpya, haijala hata mwaka. Injini imepasuka. Lako injini nzima. Nimeisikiliza, unakumbuka? Sikukuuliza giaboksi kwa sababu sikuihitaji. Sasa sikiliza. Nakupa magunia manne ya usipa.”

“Magunia ya usipa! Mama, tulikubaliana fedha!”

“Tulikubaliana Njombe. Hapa ni Mtwango.”

Lori la mbao lilikuwa linashuka kuelekea Makambako. Miraji aliruka katikati ya barabara na kupunga mikono yote miwili. Dereva, bwana mnene aitwaye Methodi, alisimama, akatoa kichwa dirishani kusalimu.

“Kamwene! Limekufa?”

“Limechoka tu, kaka. Nivutie mpaka Makambako.”

Methodi aliliangalia Pijo kwa huruma. “Mafuta hayashuki bei, bwana. Nipe matairi manne.”

“Nikikupa matairi utavuta nini?”

“Basi mawili, ya mbele.”

“Nenda salama, kaka.”

Lori likaenda. Dorosela alikuwa amekwisha kushuka na kutoa karatasi na kalamu kwenye koti, na karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, tena kwa mwandiko mzuri: jina lake kama mnunuzi, namba ya gari, na magunia manne. Miraji alisoma mara mbili akitafuta mahali pa kulalamikia. Akatia sahihi juu ya boneti ya Hilux, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Lukas akashusha magunia, akayapanga ukingoni mwa barabara.

“Mama,” Miraji alisema, “kitu kimoja. Una Hilux nzima, inakwenda ziwani na kurudi. Haya ma-Pijo mawili unayataka ya nini?”

“Mjapani ni wa kufanyia kazi. Mzungu ni wa kuuza.” Dorosela alitafuta kamba nyuma ya kiti cha Hilux. “Njombe yupo Mzee Hilario, ofisa mstaafu. Gari la Kijapani halitaki hata kwa zawadi, anasema ni la wauza nyanya. Anataka la Ulaya, na kiinua mgongo chake kizima anacho. Shida ni kwamba hasikilizi mtu wa usipa. Nimekwenda mara mbili. Mimi najua kugombana, sijui kubembeleza.”

Akaichambua kamba.

“Anapenda watu gani?” Miraji aliuliza.

“Watu wenye shati safi, wanaoongea polepole.”

Miraji alilitazama shati lake. Lilikuwa safi.

“Nikimuuzia mimi, napata nini?”

“Robo.”

“Nusu.”

“Robo. Na magunia yanarudi kwangu. Siwezi kukulipa mara mbili kwa gari moja.”

“Theluthi, mama, na tusigombane.”

“Lukas! Funga kamba, twende. Huyu anabaki na usipa wake.”

Mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angebaki na usipa. Usipa unaliwa Makambako, unaliwa Iringa, unaliwa na Wakristo na Waislamu, na hauhitaji mtu wa kuusemea. Magunia manne yalikuwa mwanzo wa kibanda kipya. Robo ya gari ambalo halijaunganishwa, litakalouzwa kwa mzee ambaye hajaonekana, ni robo ya upepo. Miraji alilijua hilo. Alihesabu magunia kwa macho, moja hadi nne, mara tatu.

Lakini alikuwa ameshaanza kumwona Mzee Hilario kwenye kiti chake, miguu kwenye jua, akisubiri mtu wa kuongea naye juu ya magari yenye heshima. Sentensi ya kwanza ilikuwa tayari, na ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Wapo watu wasioweza kupita mbele ya pombe. Miraji hakuweza kupita mbele ya sikio.

“Robo,” alisema.

Aliinama, akabeba gunia la kwanza begani, akalirudisha kwenye Hilux. Akabeba la pili. Lukas alitaka kumsaidia. Dada yake akamkanyaga mguu. Gunia la nne lilipotua, Miraji alikung’uta magamba kwenye shati, akachukua kamba mikononi mwa Lukas, akaifunga mwenyewe kwenye pua ya Pijo, mafundo matatu, kisha akaingia na kushika usukani, kwa kuwa gari linalovutwa haliwezi kwenda bila mtu wa kulinyoosha.

Dorosela alipanda Hilux. Alikuwa amepata injini, bodi, dalali na mshika usukani. Usipa wake ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na pindo la kitenge lilikuwa bado limefungwa kama alivyolifunga alfajiri.

“Lukas,” alisema, “vuta.”

Mjapani akavuta. Kamba ikakaza, Mzungu akafuata.