Hotuba ya Uzinduzi wa Mradi wa Kufuta Maandishi ya Njano, Kibiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma udhuru. Bwana Dereva wa Mwakilishi, ambaye ndiye tunaye. Waheshimiwa madiwani mliopata viti na madiwani mliovikosa. Mabwana shehe, mapadri na wachungaji. Mwekezaji wetu mpendwa, aliye kwao Ulaya kwa mapumziko ila kiroho yumo ndani ya turubai hili. Wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati Ndogo ya Kamati Tendaji na wa Kamati ya Vitafunio. Wafanyakazi mliobaki na wafanyakazi mliopunguzwa. Wananchi wa Kibiti, Mtawanya na Ikwiriri. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu ametajwa. (Makofi ya watu watatu, wote wa ofisi ya meneja.)

Mimi, Nicolaus Haule, nilikuwa Meneja Mkuu wa karakana hii ilipokuwa mali ya umma, nikabaki Meneja Mkuu ilipobinafsishwa, na ninasimama mbele yenu mwaka huu wa 1997, katika zama hizi za soko huria na tekinolojia transfa, kuzindua mradi mkubwa wa kapasiti bildingi, utakaowafundisha vijana mia moja na ishirini namna ya kuyaelewa na kuyaondoa maandishi ya njano yanayojitokeza kwenye kioo cha mashine yetu ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta. (Sauti: "Sema yaliyotokea!") Nakuja huko, ndugu yangu, mchakato una hatua zake.

Mnaifahamu mashine hiyo. Ndiyo inayotengeneza shafti za injini za mashua za ndugu zetu wa delta na bushi za mashine za kukobolea mpunga za Ikwiriri. Ina mlango wa kioo, na pembeni ya mlango kuna swichi ndogo kama kiberiti, ambayo kazi yake ni kuiarifu kompyuta kwamba mlango umefungwa, na kompyuta isipopata habari hiyo, chuma hakizunguki hata uilambe miguu. Mwezi wa pili swichi ile ikaliwa na kutu, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa menejimenti, na mashine ikagoma. Wateja wanasubiri, mashine imegoma! Nikamwelekeza fundi umeme wetu, Bwana Haruni, aingie kwenye kompyuta akailazimishe ile ishara, yaani mashine iambiwe saa zote kuwa mlango umefungwa, uwe umefungwa au uwe wazi.

Haruni akaniambia, "Mzee, nipe kwa maandishi."

Nikamjibu, "Haruni, maandishi ni urasimu, na urasimu tumeuzika." (Kicheko. Sauti: "Ndipo ulipoponea!")

Akafanya. Uzalishaji ukapanda kwa asilimia arobaini na tatu nukta saba. Lakini chini kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi ya njano. Nikamwita mwendesha mashine, Bi Semeni, binti wa hapa hapa Mtawanya, ambaye tulimpeleka Dar es Salaam wiki tatu kuisomea mashine hii kabla sijayafuta mafunzo kwa ajili ya efishensi. Nikamuuliza ni ugonjwa gani huo.

"Si ugonjwa, bosi," akasema. "Ni tahadhari. Inasema kuna ishara imelazimishwa, na inaitaja kwa namba yake. Inatukumbusha kwamba tumeidanganya."

"Ifute."

Akabonyeza kitufe cha kufutia. Maandishi yakatoka, na kabla sijamaliza kumpongeza yakarudi.

"Umeona, bosi? Hayatoki kwa kufutwa. Tuagize swichi, tuifunge, halafu nifungue ukurasa wa ishara niiachie ile tuliyoilazimisha. Yatatoka yenyewe. Nikimpa utingo wa basi barua leo, mvua ikituhurumia, kesho kutwa swichi iko hapa."

Ndugu wananchi, ushauri ule ulikuwa mzuri, na kwa kuwa ulikuwa mzuri niliuundia kamati ya watu saba, ambayo ilikaa siku mbili, ikala mbuzi, ikatoa azimio kwamba kwa kuwa wageni wa mwekezaji walikuwa wanakuja Jumatano, na kwa kuwa maandishi ya njano yangeleta taswira hasi, basi itundikwe kalenda. (Mnong'ono.) Kalenda nzuri yenye picha ya twiga. Ikayafunika yote.

Jumatano ile ilifana sana. Bi Semeni nilimtuma nje akalete soda za wageni. Ndani alikuwepo msaidizi wake, Bwana Mshamu, mtu wa delta, aliyeacha kukata mikoko kwa hofu ya mamba akaja kwetu kutafuta kazi isiyo na hatari. Kwa bidii yake aliufungua mlango wa mashine, akaingiza mkono kuondoa mabaki ya chuma, ili wageni waione safi. Na katika hatua hiyo ya programu kitufe cha kijani kikabonyezwa.

(Mwanamke anasimama: "Kabonya nani?")

Huyo ni Bi Zuhra, mke wa Mshamu. Karibu sana, mama, keti. Kitufe kikabonyezwa.

("Nimeuliza kabonya nani, bwana meneja!")

Kwa mujibu wa ripoti, kilibonyezwa katika mazingira ya ukarimu. (Kelele.) Naomba utulivu! Mashine, ikiamini mlango umefungwa, ikazunguka. Bi Semeni aliusikia ukelele akiwa getini, akazitupa soda, akakimbia, akapiga kitufe chekundu, akafungua kanga yake kiunoni, akamfunga Mshamu mkono ule wa kulia, akampandisha kwenye lori la mpunga lililokuwa linapita kuelekea hospitali. Mshamu hakulia. Alikuwa anauliza tu: "Dada Semeni, mlango ulikuwa wazi. Kwa nini imezunguka?" Swali hilo la kiufundi limepelekwa kwenye kamati.

Napenda kuwaarifu kwamba kati ya vidole kumi vya Bwana Mshamu, vinane vimesalimika, sawa na asilimia themanini, ufaulu ambao shule zetu nyingi hazijaufikia. (Hakuna makofi. Dereva wa Mwakilishi anavua kofia.)

Mniruhusu niendelee. Bi Semeni alirudi jioni ile ile, nguo zina damu, akaing'oa kalenda, akaiachia ile ishara, na mashine ikagoma kama ilivyogoma mwanzo. Akasema haiguswi, akampa utingo wa basi barua. Swichi ikaja na basi siku ya tatu, akaifunga kwa mkono wake, akafungua mlango akabonyeza, mashine ikakataa; akafunga akabonyeza, ikazunguka; na kioo kikabaki cheupe, hakina hata nukta ya njano. Hayo ni mafanikio makubwa ya uongozi wangu.

Tatizo likawa la kinidhamu. Nilimletea karatasi ya kutia sahihi, inayosema Mshamu alijeruhiwa kwa uzembe wake. Aliisoma mara mbili. Akauliza, "Bosi, hii unanipa mimi?" Kisha akaandika chini yake, kwa kalamu yangu: "Mlango ulikuwa wazi. Ishara ililazimishwa kwa amri." Kwa masikitiko, wiki iliyofuata nafasi yake ikaguswa na zoezi la kupunguza wafanyakazi. (Sauti nyingi: "Aaa!")

Sasa, tangu Jumatatu iliyopita maandishi ya njano yamerudi, ya namba nyingine, na Haruni anasema hayajui. Nilituma gari Ikwiriri, ambako Bi Semeni na Mshamu wamefungua kibanda chao wana mashine kuukuu ya kukerezea kwa mkono, na nasikia watu wa delta wanapeleka shafti zao huko. Bi Semeni akanijibu kwa mdomo wa dereva wangu: "Mwambie aandike kilichotokea, atie sahihi, nitakuja siku hiyo hiyo." Dharau! Na mitaani hapa mnaeneza maneno kwamba kitufe kile alikibonyeza mgeni, mzungu, kwa kuwa meneja wenu hajui hata mashine inawashwaje!

(Sauti: "Alibonya mzungu! Wewe unakijua kitufe wewe?" Kicheko.)

Kimya! Nisidhalilishwe! Hakuna mzungu aliyegusa kitufe kile! Nilikibonyeza mimi, Nicolaus Haule, kwa kidole changu hiki, nikiwaonyesha wageni tekinolojia!

(Bi Zuhra: "Karani, umeandika hilo?" Karani, Bi Imani: "Nimeandika, mama, na jina lake.")

Hilo... hilo lifutwe kwenye kumbukumbu. (Bi Imani: "Halifutiki, bosi. Ni wino.") Basi tuendelee na ratiba. Nikisema "Maandishi ya njano!" mseme "Kwisha!" Maandishi ya njano! (Kimya.) Soko huria! (Kimya.) Kibiti! (Mtu mmoja, kwa mazoea: "Oyee." Anafinywa.)

Nawashukuru wafadhili wa mradi huu, ambao barua yetu tutawaandikia tukishajua wako nchi gani. Nawashukuru wakufunzi, ambao tungekuwa nao kama yupo aliyekubali kuja. Nawapongeza vijana mia moja na ishirini, idadi tuliyoiteua kwa sababu inagawanyika vizuri. (Watu wanaondoka, wakimfuata Bi Zuhra na Bi Imani, wanaoelekea stendi na karatasi ya kumbukumbu mkononi.) Na kwa namna ya pekee naomba mkitazame, kabla hamjatawanyika, chuo chenyewe cha kisasa cha ghorofa mbili, kitakachosimama hapa hapa nilipo, mara tu mwenye kiwanja...

(Mzee Sadala, mwenye kiwanja: "Siuzi. Na shuka hapo, unakanyaga ufuta wangu.")

...Ahsanteni kwa kunisikiliza.