Machela, Chapati Mbili na Ndege ya Madaktari

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mvua tangu asubuhi. Kahawa haikauki. Wala sijali! Zimebaki sehemu nne tu za Ndege ya Madaktari, tamthilia yangu ya televisheni.

Saa kumi kamili nilikuwa kwa Mama Kaswera, yule Mkongomani mwenye hoteli ya chai karibu na hospitali ya Bwera. Kushuka mlima saa moja na nusu, kupanda saa mbili. Si kitu. Leo kule Australia, nchi ya vumbi jekundu, fahali kamkanyaga mchunga ng'ombe. Jirani wa karibu yuko mbali kama hapa na mji wa Fort Portal. Rubani Colin na Dokta Hazel wakaruka na kindege chao wakamfuata. Nililia mbele ya watu.

Nikamsimulia mke wangu Phionah yote. Ana mimba ya miezi minane na nusu, hawezi tena kushuka, kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Naye akatoa chozi. Mama mkwe, Mama Enid, ambaye amekuja kumtunza na anaburuta goti lake bovu uani kwangu, akauliza nani amechuma kahawa leo. Uchokozi mtupu.

Jumanne, 6 Mei
Balaa! Amekuja Thembo, mwanajeshi mstaafu, mwenyekiti wa kikundi cha machela.

Kijijini kwetu gari halifiki. Mgonjwa anashushwa Bwera kwenye machela ya mianzi, na kila nyumba inatoa bega moja. Filimbi ikilia, unakimbia. Mara mbili zilizopita sikukimbia. Zote zililia saa tisa, na saa tisa mimi niko njiani kumfuata Colin! Jioni nikirudi nikapishana na wabebaji, nikajificha kwenye migomba mpaka wapite.

Thembo alisimama mlangoni kama yuko gwaride. Alhamisi saa tisa, mkutano, kuhesabiwa kila bega. "Wewe Nobert! Kosa mara ya tatu, jina inatoka! Nyumba yako hakuna mutu atabeba! Umesikia?" Nikajibu nimesikia, afande.

Jina likitoka, Phionah hatabebwa. Nimelitafakari hilo. Kisha nikakumbuka: Alhamisi saa kumi ndiyo sehemu ya mwisho! Na leo injini ya Colin imezimika angani. Kwa nini Thembo hakuchagua Jumatano?

Jumatano, 7 Mei
Nimepata! Wazo lilinijia nikiosha kahawa.

Mtu aliye juu ya machela haitwi mtoro. Tena anashushwa Bwera! Bila jasho! Hatua hamsini kutoka kwa Mama Kaswera! Nikiugua saa saba, saa tisa niko hospitali, saa kumi niko mbele ya televisheni, na jina langu linabaki safi. Kwa akili hii ningekuwa waziri.

Ugonjwa: kidole tumbo. Niliuona katika sehemu ya kumi na nne, naujua vizuri. Nimefanya mazoezi ya kugumia kwenye migomba. Mbuzi wakakata kamba.

Nikamwambia Phionah. Akasema ni upumbavu, na kwamba watu wale wana kazi zao. Kisha akasema kama kweli naenda, nisikilize vizuri kama Hazel atamwambia Colin anampenda, nisije nikasinzia. Huyo ndiye mke!

Ijumaa, 9 Mei
Naandika ya jana. Jana mkono ulikuwa haushiki kalamu.

Saa saba nilianguka penye mlango wa jiko. Mama Enid alipiga yowe la kweli, filimbi ikalia. Walikuja wanane wakikimbia, mmoja ana sabuni ya kunyolea kidevuni. Thembo mwenyewe alishika mbele. Nilingoja anikumbushe zile mara mbili. Akakaza mti begani, akatangulia. Hapo ndipo nilipoanza kuumia kweli, ila si tumboni.

Kwenye mteremko mkali mvua ikaja. Mmoja akavua sweta lake akanifunika. Ronnie, jirani yangu ambaye hatuamkiani tangu mbuzi wake ale maharage yangu, aliteleza. Akapiga goti kwenye jiwe badala ya kuachia mti wa machela. Damu ikamtoka. Akaniuliza kama nimetikisika sana. Nikafungua kinywa niseme ukweli, nikagumia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita sita, na nilipita juu ya mabega ya wenzangu.

Hospitali, mganga akanibonyeza tumbo upande wa kulia. Kimya. Upande wa kushoto, nikapiga kelele. Akanibonyeza kiwiko, nikapiga kelele tena. Aliandika kitu, akasema nipumzike kwenye benchi, atarudi. Saa kumi kasoro dakika tano nikauona mlango uko wazi.

Kwa Mama Kaswera nikaagiza chai na chapati mbili. Ndege inaanguka! Colin kavuja damu usoni! Hazel kamshika mkono, kafungua kinywa...

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Wabebaji wakishafikisha mgonjwa wanakwenda wapi? Kunywa chai. Siku zote! Na wanainywa kwa Mama Kaswera, kwa kuwa anawapa kikombe cha pili bure. Mtu aliyebeba hasahau hilo. Mimi nilikuwa sijabeba tangu Januari.

Mama Kaswera alifurahi kwa ajili yao. Akapaza sauti: "Ba papa, mugonjwa yenu si njo uyu? Amepona! Iko anakula chapati ya pili!"

Watu wanane walinitazama. Ronnie alikuwa amefunga goti lake kitambaa. Thembo akaweka kikombe chini polepole. Nikatamani anipige.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mama Enid, analia. Chupa ya Phionah imevunjika, uchungu umeanza mapema, na anauliza machela iko wapi. Iko Bwera. Imemleta mtu mzima mwenye afya zake kuja kutazama televisheni.

Sikuwahi kuogopa hivyo maishani. Thembo hakupiga kelele. Alinishika bega akasema: "Simama. Wewe unashika mbele." Sikuitazama televisheni tena.

Tulipanda mlima mbio. Watu walewale, wamelowa vilevile, wamechoka kwa ajili yangu. Hakuna aliyebaki. Kushuka nilikuwa mbele, na Phionah alikuwa amelala akinishika ukosi wa shati. Aligumia. Nikajua kwamba mazoezi yangu yote yalikuwa upuuzi. Kila tulipobadilisha bega nilikataa kubadilisha. Ronnie akaniambia nisiwe mjinga, bega likifa nitamwangusha, akanisukuma akashika yeye. Dakika ishirini baada ya kuingia hospitali mtoto akazaliwa. Msichana! Mzima, mama mzima. Nilikaa sakafuni koridoni nikalia, na wale wanane wakajifanya hawanioni.

Nilipoitwa ndani, nikamwomba Phionah msamaha. Akaniuliza kwa sauti ndogo: je, Hazel alisema? Nikamwambia sijui, mlango ulifunguliwa. Akacheka mpaka nesi akamkemea.

Jumapili, 11 Mei
Tumerudi nyumbani na Masika Hazel. Masika kwa sababu kwetu ndilo jina la binti wa kwanza. Mama Enid ameuliza Hazel ni mtakatifu wa kanisa gani.

Baada ya ibada kikundi kikafanya ule mkutano wa Alhamisi uliovunjika. Nilisimama nikaungama yote, hata ya kwenye migomba. Wengine walitaka jina litoke. Thembo akasema mtoto ameshaletwa na machela hii, hawezi kuachwa bila machela. "Lakini wewe, mwaka muzima unashika mbele! Kila filimbi! Hakuna sababu!" Nikaapa mbele ya wote kwamba mimi na uongo basi. Nilimaanisha kwa moyo wote. Nilimpelekea Ronnie ndizi na tukaamkiana.

Saa tisa Mama Kaswera akapiga simu kutoa pongezi. Akasema pia, kwa bahati tu, kwamba Ndege ya Madaktari inaanza upya kesho saa kumi. Colin yuko hai! Kuhusu Hazel, hakuna aliyesikia, ilipofika hapo watu wote walikuwa wamegeuka kunitazama mimi.

Phionah amenitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nimeapa.

Ila anayeshika mbele akishuka Bwera hatoroki. Huo ni wajibu wake, kikundi kizima kimeamua. Kinachokosekana ni mgonjwa tu.

Mama Enid amepita sasa hivi na sufuria ya uji. Lile goti! Mimi si daktari, lakini naliona limevimba. Nimempokea sufuria, nimemwekea kiti, nimemwambia mama, usijichoshe, kesho saa saba hivi tutalitazama vizuri.