Kiti cha Marehemu Hobday

Jumatatu, 2 Juni 1606. Southwark.

Hobday yuko kaburini wiki ya sita na kiti chake bado kitupu. Alikuwa mmoja wa wenye hisa wanane wa kundi letu la waigizaji. Mimi ni kibarua. Miaka kumi na minne kibarua! Nimebeba mienge, nimekuwa maiti, nimekuwa nusu ya jeshi la Ufaransa peke yangu. Mwenye hisa hukaa kwenye benchi nyuma ya jukwaa, akachagua michezo na kugawa nafasi. Kibarua hukaa sakafuni pamoja na buti za watu.

Leo Bwana Venn, mkubwa wetu, katangaza: Jumamosi ya wiki ijayo, siku mbili baada ya mchezo mpya, atatajwa atakayekikalia kiti cha Hobday. Nikanyoosha mgongo. Kisha akagawa nafasi. Penwald, mnyweshaji anayemuua mfalme wake ili avae taji, mistari mia sita, nafasi ya maisha ya mtu. Kampa Ambrose Lyddiard. Ambrose! Ana miaka ishirini na sita, meno yote anayo, kundini kaja juzi. Mimi ni Tarishi wa Pili. Naingia, nasema "Mfalme amekufa", natoka.

Nimemweleza mke wangu Thomasin, alipokuwa akitia wanga kola za wateja wake. Akasema heri, safari hii nimepewa maneno. Mwanamke huyu hana huruma hata ya kuigiza.

Jumanne, 3 Juni.

Nina mwandiko mzuri kuliko wote kundini, kwa hiyo kazi ya kunakili ni yangu. Kwetu hakuna anayepewa mchezo mzima, maana angeuuza kwa kundi la ng'ambo ya mto. Kila mtu hupata gombo lake: maneno yake mwenyewe, na maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue zamu yake imefika. Basi. Ambrose hatajua neno lolote la Penwald ila nililomwandikia mimi. Nimelifikiria hilo hadi chaza wangu wakapoa.

Mchezo wenyewe nimeusoma wote. Upuuzi. Mtu anapendwa na mfalme wake, anakula naye, kisha anamchoma kisu, na yote hayo kwa ajili ya kiti! Nani ataamini?

Jumatano, 4 Juni.

Sheria mpya! Bunge limeipitisha wiki iliyopita. Mwigizaji akitaja jina la Mungu jukwaani, faini pauni kumi kwa kila mara, na nusu yake anapewa aliyemshitaki. Tangu wale wendawazimu wa baruti walipotaka kulilipua Bunge na mfalme akiwa ndani, wakubwa wanashtuka hata mtu akipiga chafya. Vichwa vya wengine wao, vilivyokatwa, bado vimetundikwa darajani. Navipita nikienda kununua wino.

Bwana Venn kakipitia kitabu cha mchezo kwa kalamu. Kila palipokuwa na Mungu, kakata, kaandika mbingu.

Mimi nikinakili gombo la Ambrose, mkono umeteleza. Mara tatu. Katika onyesho la kumuua mfalme, mahali ambapo Penwald anatakiwa kusema "Naapa kwa mbingu", nimemwandikia kama zamani: "Naapa kwa damu ya Mungu." Mara tatu, pauni thelathini. Wenye hisa ndio watakaolipa, na mtu aliyewalipisha wenye hisa pauni thelathini hakai nao benchi moja. Baada ya mchezo nitalichukua gombo na kuweka jingine safi mahali pake. Nani atajua?

Nitalala usingizi wa mtoto mchanga.

Alhamisi, 5 Juni.

Mshitaki amepatikana. Nehemiah Stubb, mshona glavu, mlokole wa kutupwa, anayeamini kwamba tauni huletwa na waigizaji. Nimemwandikia barua bila jina: aje Alhamisi ya wiki ijayo saa nane mchana, asimame karibu na jukwaa, aje na karatasi. Nimejiita Rafiki wa Ukweli. Jina zuri sana. Nimesikitika kwamba siwezi kumsimulia mtu.

Jumamosi, 7 Juni.

Ambrose amepanga chumba cha jirani, ukuta mmoja na sisi, wa mbao tupu. Anakariri kutwa. Na mimi namfuatisha kwa sauti ya chini, maana nayajua yote, nimeyaandika kwa mkono wangu. Tukifika pale, "Naapa kwa damu ya Mungu", nasikia raha hadi kwenye nyayo. Jana nimeyasema nikinyoa ndevu. Leo nimeyasema kwenye supu. Thomasin akauliza nani kanikosea, supu au yeye.

Kisha akasema kitu ambacho sikukipenda. Akasema ningalikuwa Penwald mzuri kuliko yule kijana. Kwa nini asiseme hivyo kwa Bwana Venn?

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Kanisani. Stubb alikuwa kiti cha mbele, anaimba kwa pua. Niliomba haki itendeke. Ambrose alikaa nyuma yangu na kuniazima kitabu chake cha nyimbo. Mnafiki.

Jumanne, 10 Juni.

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Bwana Venn kaniita mbele ya benchi la wenye hisa. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Ambrose kamfuata jana na kumwambia kwamba Penwald si wa kijana. Penwald ni mtu aliyengoja miaka mingi akiwatazama wengine wakikaa, na kundini mtu huyo yupo, anacheza Tarishi wa Pili. Kaomba tubadilishane. Bwana Venn kaniuliza kama naweza kuwa tayari kwa siku mbili. Nikaisema mistari mia mbili papo hapo, sikukwama hata mara moja. Benchi zima likageuka kunitazama.

Ambrose kanikabidhi gombo kwa mikono miwili. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba amesahihisha mahali patatu, palikuwa na jina la Mungu. Hajamwambia mtu. Akasema nipumzike kunakili kwa mshumaa, macho yangu yanachoka.

Ina maana asingeyasema hata kidogo! Barua yangu, wino wangu, usingizi wangu, vyote bure. Kidogo nimlaumu. Kisha nikakumbuka kwamba Penwald sasa ni mimi, na Stubb anakuja Alhamisi.

Haidhuru. Gombo limesahihishwa. Nitasema mbingu.

Jumatano, 11 Juni.

Hata hivyo, usalama kwanza. Nimekwenda dukani kwa Stubb kumzuia. Nikamwambia kwamba Rafiki wa Ukweli alikosea, mchezo ni msafi, hakuna haja ya kusumbuka. Stubb akashusha sindano. Akauliza Rafiki wa Ukweli ni nani, na mimi nimejuaje habari zake, maana barua ile hajamwonyesha hata mkewe.

Nikaanza kuzisifia glavu zake.

Akanishika mkono, akaniita ndugu. Akasema ameyaona mapambano ya roho yangu, shetani ananivuta nirudi nyuma, lakini yeye hataniacha. Atakuja. Ataleta na mashahidi wawili.

Nyumbani nimekariri mbingu, mbingu, mbingu. Thomasin kashona upya kola yangu ya jukwaani, kaitia wanga mara mbili. Kasema kesho ataacha kazi aje kunitazama. Miaka kumi na minne hajaja.

Ijumaa, 13 Juni.

Jana sikuandika.

Nilikuwa mzuri. Liandikwe hilo kwanza. Watu elfu mbili, na hakuna aliyetafuna njugu. Nilipokuwa nikimkaribia mfalme aliyelala, Bwana Venn mwenyewe, nilisikia mwanamke akilia katika safu za juu. Nilimwona Thomasin. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilihisi kile kiti cha Hobday chini yangu, ubao wake, joto lake.

Nikainua kisu. Nikafungua mdomo. Na mdomo, ambao kwa siku tano ulikuwa umekula utamu wa maneno yale kwenye supu na kwenye sabuni ya ndevu, ukasema: "Naapa kwa damu ya Mungu!"

Mfalme aliyelala akafumbua jicho moja.

Nikajiambia mbingu. Mbingu! Nikaendelea, zamu ya pili ikafika, Mungu. Ya tatu, Mungu tena, kwa sauti ambayo walioko mtoni waliisikia. Kisha nikamwona Stubb chini ya jukwaa, ameweka karatasi kwenye mgongo wa shahidi wake, anaandika. Nikasema "Mungu wangu", na hiyo haikuwamo hata kwenye kitabu. Mara nne.

Baada ya mchezo alikuja hadi kwenye chumba cha mavazi. Angeweza kuandika mashitaka na kwenda zake. Lakini mtu huyu, kwa bahati yangu mbaya, ni mwaminifu. Alivua kofia mbele ya wote, nikiwa bado nina damu ya kondoo mikononi.

"Ndugu huyu ndiye aliyeniandikia nije," akasema. "Sitamdhulumu haki yake. Nusu ya fungu langu ni yake."

Akaitoa barua, akaiweka mezani. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani. Mwandiko mzuri kuliko wote kundini.

Bwana Venn aliisoma mara mbili. Ambrose aliisoma mara moja, akatazama tarehe, ya kabla hatujabadilishana nafasi, kisha akalichukua gombo na kutazama mahali pale patatu. Alikuwa bado amevaa joho la Tarishi wa Pili.

"Nilidhani ni macho, kaka," akasema.

Nilitamani anipige. Thomasin alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kunipongeza.

Jumamosi, 14 Juni.

Nimeitwa kwenye benchi. Nilikuwa na hotuba. Ningewaambia kwamba nilijaribiwa, kwamba niliandika barua ili kuwapima walinzi wetu wa mlangoni, nilikuwa na sababu tatu nzuri. Bwana Venn aliinua mkono.

"Tulikuchagua wewe Jumatatu, Gervase," akasema. "Ambrose ndiye aliyelileta jina lako. Akaomba tusikuambie, ili usikie leo mbele ya watu."

Kisha akasema nirudishe buti za kundi.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini, njiani na nyumbani, na naona wazi kosa ni la nani. Angeniambia tangu Jumatatu! Nani aliyemwomba afiche? Mtu anapata kiti cha maisha yake na anafichwa kama mtoto. Siri ndizo zinazoharibu watu. Nimemweleza Thomasin hivyo. Alikuwa anaitoa wanga ile kola. Aliikamua, akaianika pamoja na za wateja.

Kiti cha Hobday wamempa Ambrose. Alikataa mara mbili, wanasema. Kujionyesha tu.

Jumatatu, 30 Juni 1606. Njia ya Ipswich.

Tauni imeanza. Huko London nasikia majumba yote ya michezo yanafungwa. Mimi nimekwisha kuondoka, nimepata kibarua katika kundi dogo la watu saba na mkokoteni mmoja. Ambrose ndiye aliyeniandikia barua ya kunitambulisha. Niliifungua kwa mvuke, nikitafuta sumu. Hakuna. Anasema mimi ndiye Penwald bora aliyewahi kumwona. Kanipa na buti zake. Zinanibana kidogo mbele.

Thomasin kabaki. Alisema kola za watu haziwezi kutembea hadi Ipswich. Leo mchukuzi mmoja kaniletea salamu zake. Mtaani kwetu nyumba tatu zimepigwa msalaba mwekundu mlangoni, na hakuna anayetoka. Yeye bado mzima. Ambrose humwekea mkate dirishani kila asubuhi. Thomasin hataki pesa wala maelezo, mchukuzi akasema. Anataka kitu kimoja tu, nimwandikie mstari mmoja ajue kama niko hai. Mchukuzi anarudi kesho alfajiri.

Nimekaa kando ya njia kuandika. Karatasi imebaki moja.

Lakini lazima nieleze habari ya Silvanus Prout. Kundi hili lina kiti kimoja mbele ya mkokoteni, kando ya mkubwa wetu. Sisi wengine tunatembea. Prout ndiye anayekikalia, eti kwa sababu ya mguu. Mguu gani? Jana kaniita nipande nikae mahali pake hadi kijiji kinachofuata, mbele ya watu wote, ili waone jinsi alivyo mwema. Nawajua sasa watu wa namna hiyo.

Na mkubwa, kwa kuwa amesikia nina mwandiko mzuri, kaniuliza kama naweza kuwanakilia magombo ya mchezo wa Ipswich. Ipswich ni mji wa walokole watupu. Prout ana mistari arobaini. Nimeipima ile karatasi. Nikiandika kwa herufi ndogo, inatosha kwa gombo lake.

Thomasin nitamwandikia nikipata nyingine.