Dawa ya Rejeta ya Mzee Mudathiri

Dadi alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma kando ya barabara, hapo Kasulu, pale nyumba ilipompita. Ilipita taratibu, ikawasha indiketa ya kushoto, ikaegesha mbele ya bango lake.

Ilikuwa na magurudumu manne, mapazia ya maua, kopo la mnanaa dirishani, na kamba ya nguo ambayo kanga moja mbichi ilikuwa bado inachuruzika. Watu wakatoka madukani kuitazama. Dadi hakuitazama, aliihesabu. Oili ya injini, ya giabokisi, ya difu, maji ya breki, ya usukani, ya rejeta, ya kuoshea kioo: saba. Halafu maji ya kunywa na maji machafu ya jikoni: tisa. Gari lenye vimiminika tisa! Akautupa muhogo kwa heshima.

Bango lake lilisomeka NURU VIMIMINIKA: OILI YA MILIMANI. Dadi hakuwa fundi, na hakuwahi kusema kuwa ni fundi. Uaminifu wake uliishia hapo. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wageni kwamba oili ya mabondeni ikifika huku juu kwenye baridi hulala, na ikilala injini nayo hulala, ikalala moja kwa moja. Mgeni akishaingia woga, Dadi alimwelekeza kwa mama lishe wa jirani akanywe chai. Huku nyuma aliifungua oili ya mgeni, akaimimina kwenye debe lenye picha ya mlima, kisha akaimimina tena kwenye gari lilelile. Mgeni akiuliza mbona nyeusi, alijibiwa kwamba oili ya milimani ni nyeusi kwa sababu inapambana.

Tusimhukumu haraka. Dadi alikuwa anapenda. Alimpenda Kuruthumu, binti wa Mzee Mudathiri, mfanyabiashara wa maharage kule Kibondo, na alimpenda kweli, hadi chakula kilikuwa hakimpiti. Alikuwa ameshapeleka posa. Mzee Mudathiri alikuwa na Fuso lililochemka kila mlima, na upande ule milima ndiyo mingi kuliko kitu kingine chochote. Basi akasema mbele ya watu, "Wewe si mtu wa magari? Nitulizie Fuso langu, posa yako nitaijibu. Ijumaa, baada ya swala. Ukishindwa, usirudi tena."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Dadi hakujua hata rejeta hufunguliwa upande gani.

Mlango wa ile nyumba ukafunguka, akateremka mama mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, suruali ya kazi chini ya dera.

"Shikamoo, Mama. Karibu Kasulu. Mimi naitwa Injinia Nuru." Kwa wageni alijiita Injinia Nuru, maana jina lake halisi lilikuwa limeshachakaa.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Bi Mwanahawa, natokea Tanga. Nakwenda Kibondo kwa kaka yangu, kuna shughuli ya familia. Nimesimama kubadilisha oili tu."

"Umefika penyewe! Tena umewahi, Mama. Hilo gari limeshaanza kusinzia, nimelisikia linavyopumua. Wewe nenda kanywe chai kwa yule mama pale..."

"Chai ninayo."

"Basi kapumzike kidogo kivulini."

"Kitanda ninacho. Jiko ninalo. Hata kivuli ninacho." Akavuta kitu ubavuni mwa gari, kikakunjuka turubai. "Na oili nabadilisha mwenyewe. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini, hakuna mtu aliyewahi kuingia chini ya gari langu. Hili nimelinunua kwa wazungu waliochoka safari njiani, na wao pia walifanya kila kitu wenyewe. Hata kitabu chake wameniachia."

Mteja asiyekwenda kunywa chai! Tena watu walikuwa wamekusanyika, na Bi Mwanahawa, kwa mazoea ya basi la shule, akaanza kuwaeleza.

"Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto, mtaungua. Gari lisimame tambarare. Fungua mfuniko wa juu kwanza, oili ipate kupumua. Halafu nati ya chini." Akatandika gunia, akajilaza chali, akapotea chini ya gari ikabaki miguu tu. Spana ikalia, oili ikaanza kuporomoka kwenye beseni. "Mnaona? Hakuna uchawi. Washa ya shaba, ile pete ya nati, unaweka mpya. Filta mpya unaipaka oili mdomoni, unaikaza kwa mkono, si kwa hasira."

"Kumbe ni hivyo tu?" mtu mmoja akauliza, akimtazama Dadi kwa jicho ambalo Dadi hakulipenda.

"Ni hivyo tu," miguu ikajibu.

Hapo Dadi aliona riziki yake yote ikimwagika kwenye beseni pamoja na oili. Akakohoa. "Sawa, Mama, badilisha. Lakini ardhi ya Kasulu haipokei kimiminika cha mgeni. Vyote ulivyovitoa lazima nivichukue mimi. Ni utaratibu."

"Vichukue. Nitashukuru."

Na wakati huo, alipokuwa anajiandaa kuchukua beseni la oili chafu ili walau alipwe na watu wa mbao wanaopaka nguzo dhidi ya mchwa, ndipo Dadi alipoona kitu kilichobadilisha maisha yake.

Dadi alikuwa na kanuni moja, naye aliiheshimu kuliko wengine wanavyoheshimu viapo. Usisome lebo, soma mikono. Lebo huandikwa na yeyote, lakini mkono wa mwenye mali hausemi uongo. Kitu rahisi hubebwa ovyo. Kitu cha thamani hubebwa polepole, mbali na nguo, na mwenyewe haongei.

Bi Mwanahawa alikuwa amelisukuma beseni la oili kwa mguu. Sasa alivaa glavu ndefu za mpira. Akajifunga barakoa. Akaangalia kushoto na kulia, akafungua kijilango kidogo cha siri ubavuni mwa gari, akavuta tanki dogo la kijivu, akalishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa mwenzake. Tone moja likadondoka. Lilikuwa la buluu, buluu ya kupendeza, na lilinukia maua.

"Mama," Dadi akanong'ona, "hicho ni nini?"

"Hicho achana nacho, mwanangu."

Kimiminika cha kumi! Kilichofichwa! Dadi akamkumbuka Kuruthumu, akalikumbuka Fuso. "Nichukue na hicho pia."

"Hapana. Hicho nitajua mwenyewe pa kukipeleka."

"Mama, ni utaratibu..."

"Nimesema hapana. Naona haya hata kukuachia." Kwa kweli alikuwa ameinamisha macho. Dadi aliyasoma macho yale akaona choyo cha tajiri.

"Basi tubadilishane!" Akakimbia nyuma ya bango, akarudi na madebe mawili ya oili mpya kabisa, oili ya kweli, gundi ya kiwandani bado iko kwenye mfuniko. Ndiyo oili pekee halali aliyokuwa nayo, aliitunza kwa ajili ya pikipiki yake mwenyewe. Mtu hawezi kujidanganya mwenyewe kila siku.

Bi Mwanahawa akamtazama. Akayatazama madebe. "Nimekukatalia mara tatu," akasema. "Hawa wote ni mashahidi. Lete dumu, na usichungulie."

Akajifungia nyuma ya pazia. Aliporudi, dumu la lita ishirini lilikuwa limejaa, limefungwa na kuzungushiwa utepe mara nne. Kisha akafungua madebe ya Dadi, akayamimina kwenye injini yake, akaifuta stiki ya kupimia, akaichovya, akaisoma kwa miwani. "Iko sawasawa," akasema, naye Dadi akakubali kwamba siku hiyo ilikuwa nzuri sana.

Alfajiri alilifunga dumu kwenye pikipiki, akavaa glavu, akaendesha zaidi ya kilomita mia mpaka Kibondo bila kulipitisha kwenye shimo hata moja.

Baada ya swala uani kwa Mzee Mudathiri walikuwa wameshakaa wazee sita kwenye mkeka, kanzu nyeupe, wakisubiri posa na pilau. Kuruthumu alikuwa kwenye mlango wa duka lake la vitenge lililopakana na ua, mkono kiunoni.

"Mwakeye, wazee wangu," Dadi akasalimu kwa Kiha, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini. Akalishusha dumu kwa mikono miwili, polepole, mbali na nguo. Wazee wakaacha kuongea.

"Ni nini hiyo?" Mzee Mudathiri akauliza.

"Dawa ya rejeta, Mzee. Mwenyewe alinikatalia mara tatu."

"Mara tatu!" Wazee wakatazamana. Kitu cha kukataliwa mara tatu si kitu kidogo.

Utepe ukakatwa, harufu ya maua ikajaa uani. Mzee mmoja akasema hata kwenye harusi ya kwao hakukunukia hivi. Kuruthumu akamwonyesha Dadi rejeta ilipo kwa kidole kimoja, kwa siri, maana Dadi alikuwa ameanza kufungua tanki la dizeli. Dawa ikamiminwa kwa mrija. Katikati mrija ukaziba.

"Kuna vitu vyeupe humu," akasema Mzee Mudathiri, akichungulia.

"Ni nyuzi, Mzee. Zinazuia kutu." Akazisukuma kwa kijiti.

Wazee wote sita wakapanda nyuma ya Fuso kuwa mashahidi, Mzee Mudathiri akashika usukani, Dadi akakaa katikati, Kuruthumu dirishani. Wakashika njia ya Murungu. Mlima wa kwanza, kimya. Mlima wa pili, kimya. Mzee akaanza kutabasamu. Katikati ya mlima wa tatu Fuso likatetemeka, likapiga kelele moja, na mfuniko wa rejeta ukaondoka.

Sitaeleza kilichotoka. Niseme tu kwamba maua yalitangulia, na yaliyokuja baada ya maua yalikuwa ya moto. Wazee walishuka bila kusaidiwa, hata yule anayetembea kwa mkongojo, tena aliuacha. Kanzu nyeupe zikawa na madoa ya buluu. Nzi wa kata nzima waliitikia mwaliko.

Kwenye bampa, mbele ya macho ya Dadi, kilikuwa kimenasa kipande kidogo cha karatasi nyeupe laini. Akakitazama. Akakumbuka kitanda, jiko, kivuli. Nyumba yenye kitanda na jiko ina nini kingine? Alitamani kulia, si kwa aibu, kwa Kuruthumu.

"Dadi," akasema Mzee Mudathiri, kilemba kimefunika pua. "Hii ni nini?"

Ulimi wa Dadi ulijibu wenyewe, kwa mazoea ya miaka. "Ugonjwa unatoka, Mzee."

Wazee wakanusa. "Ego," akasema mmoja, yaani ndiyo kwa Kiha chake, taratibu. "Ulikuwa mkubwa."

Hapo ndipo nyumba yenye mapazia ya maua ilipopanda mlima, ikawasha indiketa, ikaegesha.

"Kaka!" akaita Bi Mwanahawa. "Mbona mko barabarani na posa ni leo?" Akateremka. Akanusa mara moja tu. Akaliona dumu, akamwona Dadi.

"Dada, huyu ndiye mchumba," Mzee Mudathiri akasema. "Kama ulivyoitwa, wewe ndiye shangazi, neno la mwisho ni lako. Ametia dawa, ugonjwa umetoka."

Hakuna mtu aliyewahi kutazamwa kama Dadi alivyotazamwa. Shangazi akisema neno moja, Dadi amekwisha. Lakini akilisema, itabidi pia aeleze mbele ya wazee sita wa Kibondo ni mali ya nani iliyoko kwenye kanzu zao. Bi Mwanahawa akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ugonjwa ukitoka lazima uoshwe," akasema. "Mwenyewe. Kwa mikono yake. Injinia, ingia chini."

Dadi akaingia chini ya gari kwa mara ya kwanza bila nia mbaya. Akafungua koki ya rejeta, akatia maji ya mtoni ndoo kwa ndoo, akayamwaga, akatia tena. Shangazi alisimama juu yake na kitabu. Mara ya tatu ikatoka kutu. Mara ya tano likatoka tope jekundu la miaka kumi. Mara ya saba yakatoka maharage matatu na jani la mgomba. Mara ya tisa yakatoka maji meupe, na shangazi akatoa galoni lake mwenyewe la maji ya rejeta, ya kweli.

"Kwa nini hukuniambia?" Dadi akanong'ona kutoka chini.

"Nilikukatalia mara tatu. Wewe ulikuwa unatazama mikono yangu."

Fuso likapanda mlima wa tatu. Likapanda wa nne na wa tano, likafika Murungu limepoa. Mzee Mudathiri akashuka, akaishika rejeta kwa kiganja, machozi yakamlengalenga. "Limepona!"

"Basi na mimi nimekubali," akasema shangazi. "Mtu aliyebeba dumu lile kutoka Kasulu mpaka hapa kwa heshima, hata binti yetu atambeba. Ila kila nitakapopita, atanishughulikia lile tanki."

Kuruthumu akamsogelea Dadi, kitambaa puani, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Shangazi alinitumia picha za choo chake mwaka jana," akasema. "Nilijua ulipokata utepe, nikaiona ile buluu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama utaitia kweli. Sasa sikiliza. Nimekubali. Siku utakayonidanganya, namwambia Baba ni nini ulichokitia kwenye Fuso lake."

Tangu hapo Dadi hajamdanganya Kuruthumu hata kwa bei ya nyanya. Bango la milimani limeshushwa Kasulu, naye sasa yuko Kibondo na mkewe. Anabadilisha oili kwa mpya, mbele ya mwenye gari, na chai anawaletea hapohapo.

Lakini kila miezi mitatu nyumba ya shangazi huegesha Kibondo. Dadi huvaa glavu, hujifunga barakoa, hulivuta tanki la kijivu kwa mikono miwili na kulipeleka kwenye shimo nyuma ya nyumba, polepole, mbali na nguo, bila kuongea. Wenye malori husimama ng'ambo ya barabara wakimtazama. Fuso la Mzee Mudathiri wanalijua.

Juzi Bazilio, jirani mwuza mbao, alishindwa kuvumilia, akavuka. "Bwana Dadi, na mimi niuzie. Lori langu linachemka."

"Hapana."

"Hata nusu dumu."

"Bazilio, hapana."

"Bwana, jirani yako!"

Dadi akaliweka tanki chini. Akavua barakoa. Akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamwambia mteja ukweli wote. "Hapana, ndugu yangu. Si dawa. Ni choo cha shangazi."

Bazilio akamtazama usoni, kisha akazitazama zile glavu, kwa muda mrefu. Akakonyeza.

"Choo," akasema. "Ego. Hata mimi ningesema hivyohivyo." Akarudi dukani kwake, akatoka na madebe mawili ya oili, gundi ya kiwandani bado iko kwenye mfuniko, akayaweka taratibu miguuni pa Dadi.