Oili ya Mwaka Hamsini na Saba

Oreste hakuwa na kazi, hakuwa na meno mawili ya upande wa kushoto, hakuwa na rafiki aliyewahi kumkopesha mara mbili, wala hakuwa na skuta. Elimu ya injini nayo hakuwa nayo, ila hiyo hakuihesabu.

Alikuwa na ulimi, saa ya dhahabu ya babu yake, na habari kwamba tajiri mmoja wa Pisa anatafuta skuta ya Vespa ya mwaka hamsini na saba, ifike leo jioni, tena ikiunguruma. Mji mzima wa Livorno ilikuwapo moja tu: ya Bibi Ilva, mjane wa fundi.

Basi akachukua mafuta yaliyokaangiwa samaki, akayatia mafuta ya nyonyo kutoka duka la dawa, yapate harufu ya pikipiki za mashindano ya zamani, akajaza makopo kumi na mawili yenye kutu.

"Oili ya mwaka uleule wa Vespa yako, mama. Wazee wa chama chenu cha skuta kuukuu watapigania hata tone."

Bibi Ilva akanusa, macho kayafumba kama yuko kanisani. "Nipe makopo yote, na hiyo saa, uchukue Vespa."

"Saa? Mama, unaninyonga!"

"Basi kanywe oili yako."

Saa ikavuka meza.

"Tangini nimetia petroli tupu," bibi akasema, akimkazia macho. "Sijachanganya kitu."

"Safi! Mimi uchafu kwenye petroli sitaki."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Bibi akamfungulia geti kwa heshima zote.

Sasa, injini ile hunywa oili yake humohumo ndani ya petroli, sehemu tano kwa mia, na Livorno hata watawa wanalijua hilo. Kufika Stagno, nje kidogo ya mji, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikaganda. Oreste akaisukuma kurudi, jasho hadi kwenye soksi.

"Umeniuzia mzoga!"

"Mtaalamu wa oili kasahau oili?" Saa ilimeremeta mkononi mwa bibi. "Twende polisi ukashtaki. Makopo nitayabeba mimi."

Oreste akashika usukani wa skuta kama anayetaka kuondoka nayo.

"Niachie skuta, beba takataka zako. Pistoni ilikwisha tangu Krismasi, mpya ninayo kabatini."

Jioni ile Oreste alimwandikia mjomba wake wa Lucca, mwenye skuta kuukuu ya Lambretta: "Mjomba mpenzi, nimekupatia oili adimu, makopo kumi na mawili. Usisahau, sehemu tano kwa mia, ndani ya petroli."

Sentensi ya mwisho ilikuwa ya kweli, nayo ilimgharimu saa ya babu. Akalamba bahasha, akaigonga kwa ngumi, akaitumbukiza posta.