Habari za Radi na Biskuti ya Bibi

Tegeni masikio, enyi mlioketi, nanyi mnaopita na ndoo vichwani zitueni ndoo, maana habari hii haisikilizwi kwa kusimama. Nawasimulia vita vya binti wa dada yangu, mwenye miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Radi.

Hakuitwa hivyo bure. Soksi ikikaa upande, alinguruma. Uji ukipoa, alilia mpaka majirani wakazima redio wapate kusikiliza vizuri. Darasani aling'ata wenzake, akamng'ata na mwalimu, akarudishwa nyumbani. Watu wakasema amedekezwa. Mimi ninayeshinda naye niliona tu kwamba kabla ya kila vita hushika tumbo, na baada ya vita hujificha nyuma ya mlango akalia peke yake.

Hatimaye daktari akampima damu, akammulika utumbo, akamtaja adui: ngano. Ndiyo iliyomchubua utumbo, ikampandishia hasira na huzuni pamoja. Basi ngano ikafukuzwa kwetu, yenyewe na ukoo wake, mkate, keki na tambi. Miezi ikapita, ngurumo zikapungua. Mwalimu akaleta neno: arudi Jumatatu, tumjaribu mara moja tu.

Jumapili akaingia mama yangu, Malkia wa Mkoba, asiyepata kushindwa kwa maneno, akamwita mjukuu wake kwa utani:

"Mke mwenzangu, mbona umekonda? Njoo upokee." Akachomoa biskuti ya krimu.

"Mama, hiyo ina ngano."

"Ngano ni unga. Hii ni biskuti."

"Imetengenezwa kwa unga, Mama."

"Haya, basi sumu itakuwa kwenye krimu." Akaibandua, akailamba krimu yote bila woga, akaviunganisha tena vile vipande viwili. "Nimekufa? Sijafa. Shika, mke mwenzangu."

Ningeweza kuinyakua. Lakini kesho darasani nisingekuwepo. Nikashika mwiko, nisije nikashika mkono wake.

Radi akaipokea. Akainusa. Tamaa ikajipanga kulia na jeshi lake, kumbukumbu ya tumbo ikajipanga kushoto na lake, na sebule nzima, pamoja na bomba letu linalovuja, ikangoja. Kisha shujaa akahutubu:

"Bibi, ni nzuri. Lakini nikiila tumbo linauma, halafu nawachukia watu wote. Na wewe nitakuchukia. Leo sitaki."

Malkia, aliyewahi kuwanyamazisha wakwe na madalali, akanyoosha mkono. Akaitwaa biskuti, akaila mwenyewe isiharibike.

"Sasa huyu anakula nini?"

"Ndizi."

"Basi leteni ndizi! Mbona mmekaa kama wageni?"

Ndivyo ngome ilivyosalimu amri bila tone la damu. Na Jumatatu Radi aliingia darasani kama mshindi aingiavyo mji uliofunguliwa malango. Wakati wa mapumziko mwenzake wa dawati alimpa mkono, wakatoka kwenda kucheza. Na vizazi vijavyo na visikie, kwamba mkono ule ulirudi mzima.